Chapa za viazi na bamia: maumbo na namba katika nasari

Mtoto wa miaka minne anayeimba moja hadi kumi bila kukosea anaweza kushindwa kukupa viazi vitatu ukimwomba. Katika kazi yangu ya kuwafunza walimu wa nasari hapa Kampala nalikuta jambo hili mara nyingi, na wazazi hushangaa, kwa kuwa wameuchukulia wimbo wa namba kuwa ndio kuhesabu kwenyewe. Kuhesabu kunadai kila neno lishikamane na kitu kimoja, pasipo kuruka wala kurudia, kisha mtoto atambue kwamba neno la mwisho alilolitamka ndilo idadi ya vitu vyote.

Ndiyo maana naithamini sana sanaa ya kuchapa. Mtoto anapokibonyeza kipande cha kiazi chenye rangi juu ya karatasi, mkono hushuka mara moja, kinywa hutamka neno moja, na alama moja hubaki. Kokoto zikishahesabiwa huvurugika, lakini alama hazihami; mtoto anaweza kuzihesabu upya kuanzia kushoto, kisha kuanzia kulia, akaona mwenyewe kwamba idadi haibadiliki. Mtoto ambaye nyumbani huhesabu kwa Kiganda na darasani kwa Kiswahili aachwe azihesabu alama zilezile kwa lugha zote mbili.

Rangi si lazima zinunuliwe. Manjano ya unga yakichanganywa na uji mwepesi wa muhogo uliopoa hutoa rangi nzuri, makaa yaliyosagwa hutoa nyeusi, na udongo mwekundu uliochekechwa hutoa kahawia. Mimina rangi juu ya kipande cha sponji la godoro kilichowekwa kwenye sahani, ili mtoto agusishe tu badala ya kutumbukiza, na ukikaushe kiazi kwa kitambaa baada ya kukikata, kwani maji yake huifanya rangi itambae na pembe zikapotea. Kukata ni kazi ya mwalimu.

Wapo wazazi wasiopenda chakula kichezewe, nami naona wana haki. Vikonyo vya majani ya mgomba, vichwa vya bamia na viazi vilivyoanza kuharibika vinatosha. Kikonyo cha mgomba kikikatwa huacha umbo la mwezi mchanga lenye vyumba vidogo ndani yake. Bamia ndiyo hazina kubwa zaidi: ikikatwa kwa upana huacha nyota, mara nyingi ya pembe tano, ingawa nyingine huzidi. Tofauti hiyo isifichwe. Mwombe mtoto akisie pembe kabla ya kuchapa, kisha azihesabu kwenye karatasi kwa kidole. Pilipili hoho nayo itampa sehemu tatu au nne, na hapo ataanza kulinganisha ipi ina nyingi zaidi, na kwa ngapi.

Kwa maumbo, nasisitiza pembetatu. Chati za ukutani huionyesha karibu kila mara ikiwa imekaa kwenye upande wake mpana, hivyo watoto wengi huikataa ikigeuzwa, na mraba uliosimama kwa pembe huudhania kuwa umbo jingine. Kwa chapa, mtoto anageuza kitu kilekile kilichomo mkononi mwake, anachapa tena, halafu anahesabu pande: bado ni tatu. Ukikata kiazi cha mraba kutoka pembe hadi pembe, atapata pembetatu mbili ambazo anaweza kuziunganisha kwenye karatasi ziwe mraba.

Kwa watoto wa miaka mitatu, karatasi moja isizidi alama tatu au nne, kwa sababu idadi hiyo jicho huweza kuitambua hata bila kuhesabu. Tarakimu iandikwe chini ya alama baada ya mtoto kujibu ni ngapi, na iandikwe kwa penseli, ili akiongeza chapa nyingine aifute na kuiandika upya.