Je, wajua mbona malaria ya ushago inakushika ukiwa umesharudi Nairobi?

Januari hivi Nairobi hujaa watu wametoka ushago, Busia, Siaya, Homa Bay huko karibu na Ziwa Victoria, na wiki ya pili ndio unaskia mtu mwili umechemka, anatetemeka, kichwa kinamgonga, na anasema ni baridi ya Nairobi tu. Binamu yangu alikuwa hivyo, akanywa mwarobaini siku nne, kisha kemisti moja wakamuuzia antibiotiki bila kumpima. Kumbe ni malaria alikuja nayo.

Iko hivi. Mbu jike wa Anopheles akikuuma usiku, vimelea vya malaria vinaingia kwa damu na kwa kama saa moja hivi vishafika kwa maini. Hapo vinazaana karibu wiki nzima na wewe huskii chochote, unapanda basi unarudi kazi. Vikitoka vinaingia kwa seli nyekundu za damu na kuzipasua, hapo sasa ndio ile baridi na joto inaanza. Kwa hivyo toka uumwe hadi uugue ni kama siku 7 mpaka 14, saa zingine zaidi. Huku Nairobi tuko juu, karibu mita 1,700, na baridi inachelewesha vimelea kukomaa ndani ya mbu, ndio maana ukiugua huku mara nyingi ni malaria ulikuja nayo. Na hata kama ulizaliwa huko kwa ziwa, ukikaa huku miaka mingi kinga inapungua.

Shida ni kwamba typhoid, nimonia, hata mafua kali zinaweza kuanza vivyo hivyo, huwezi jua kwa kuangalia tu. Tangu 2010 WHO, Shirika la Afya Duniani, inataka mtu apimwe kabla ya dawa, unadungwa kidole, tone moja la damu, na kwa dakika 15 hadi 20 jibu liko. Daktari asipokuuliza ulilala wapi wiki hizo, mwambie.

Miti shamba siidharau hata kidogo. Kwinini, dawa ya zamani ya malaria, ilitoka kwa gome la mti wa Amerika Kusini, na artemisinini, dawa nyingine ya malaria, mwanasayansi wa Uchina Tu Youyou aliitoa kwa mmea wa Uchina wa jamii ya pakanga, akapewa Nobel 2015. Lakini ile ilichujwa, ikapimwa, ikawekwa kwa tembe. Majani ukichemsha kwa sufuria hujui umekunywa kiasi gani, na dawa kidogo haimalizi vimelea, vinarudi.

Dawa yenyewe ni AL, yaani artemether-lumefantrine, yenye dawa ya jamii ya hiyo artemisinini. Mtu mzima anameza tembe 4 kila mara, mara 6 kwa siku 3, dozi ya pili ikifuata masaa 8 baada ya ya kwanza, na ule kitu chenye mafuta, hata maziwa, ndio iingie vizuri kwa damu. Mtoto anapewa kulingana na kilo zake. Siku ya pili utaskia uko poa, tafadhali maliza zote. Baadaye kile kipimo cha kidole kinaweza kuonyesha bado unayo hata wiki kadhaa, sababu kinashika protini ya vimelea vilivyokwisha kufa, so kama bado unaumwa omba damu iangaliwe kwa hadubini.