"Samahani kwa hasara yako"

Kwa miaka yote niliyohariri tafsiri, hakuna sentensi iliyonichosha kama hiyo, ambayo juzi imerudi tena mezani kwangu, safari hii ndani ya barua aliyoandikiwa mjane. Barua ya Kiingereza ilisema "I am sorry for your loss", na mfasiri, ambaye Kiswahili amekinyonya kwa mamake, akamwomba mjane radhi kana kwamba yeye ndiye aliyemuua mumewe, kisha akamtaja marehemu kama shehena ya mchele iliyolowa bandarini. Kiswahili kinasema "Pole kwa msiba".

Chanzo ni imani kwamba "sorry" ni samahani. Neno hilo limetokana na "sārig" la Kiingereza cha kale, lenye shina moja na "sore", yaani kidonda au maumivu (si ndugu wa "sorrow", ingawa yanafanana), na maana yake ya mwanzo ni kuumia moyoni. Kuomba radhi ni tawi moja tu. Kwa hiyo mfasiri aulize kwanza: nani amekosa? Ikiwa ni msemaji, aandike samahani au niwie radhi. Ikiwa hakuna aliyekosa, ni pole, na sioni ugumu uko wapi.

Wengine hugeuza kosa hilohilo na kudhani kwamba kila pole ni "sorry". Mwingereza aliyejikwaa ngazini akiambiwa "sorry" na Mkenya hujibu kwamba si kosa lake. Hapo simlaumu Mkenya, kwa kuwa ndicho Kiingereza cha huku, na Wanigeria nao husema hivyohivyo. Lakini "sorry for the work" kwa maana ya pole na kazi haieleweki popote ng'ambo, na ushauri wangu ni kumsalimu mtu kwa namna nyingine.

Kwamba kusema "sorry" baada ya ajali ni kukiri kosa kisheria, si kweli kila mahali: Sheria ya Fidia ya mwaka 2006 ya Uingereza na Wales inasema kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe, na jimbo la British Columbia nchini Kanada lilitunga sheria ya namna hiyo mwaka huohuo.

"Sorry?" yenye sauti inayopanda mwishoni haiombi chochote ila urudie ulichosema. "A sorry state" ni hali ya kusikitisha. Nimeshaisoma ikiwa "hali ya samahani".