Kapsuli ya fangasi na kidonge cha kiungulia

Kwa joto na unyevu wetu wa Mombasa, choa na fangasi wengine wa ngozi ni maradhi ninayokutana nayo katika duka langu la dawa karibu kila wiki. Mzee mmoja wa Kisauni aliniletea pakiti yake ya kapsuli za itrakonazoli, dawa ya fangasi, akaniambia, "Mwanangu, wiki ya tatu hii nameza, na mwili ni ule ule." Nilipomuuliza anazimezaje, alitoa mfukoni kidonge cheupe cha kiungulia: alikuwa akikitafuna kwanza ili tumbo litulie, kisha akimeza kapsuli papo hapo.

Tatizo lilikuwa hapo. Itrakonazoli ni besi dhaifu, yaani kinyume cha asidi, ambayo karibu haiyeyuki kabisa katika maji, isipokuwa maji hayo yawe na asidi kali, kwa kuwa asidi huipa molekuli chaji ya umeme, na chaji ndiyo inayoifanya ikubaliane na maji. Namba yake ya pKa ni takriban 3.7, maana yake katika pH hiyo (pH ni kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali) nusu ya molekuli zina chaji na nusu hazina. Kwa vile kila namba moja ya pH ni tofauti ya mara 10, tumbo lenye pH ya 1.7 huzifanya molekuli 100 zipate chaji kwa kila moja isiyo nayo; kidonge cha kiungulia kikiipandisha pH hadi 5.7, hesabu hugeuka chini juu, na unga wa dawa hupita tumboni kama mchanga.

Wengi hudhani kwamba chaji ni kikwazo tu, kwa sababu utando wa utumbo umejaa mafuta na molekuli yenye chaji hupenya kwa shida. Ni kweli, lakini hatua hiyo huja baadaye, katika utumbo mwembamba, ambako kongosho humwaga bikaboneti, kemikali inayopunguza asidi, pH hupanda kufikia 6 na zaidi, na dawa iliyokwisha kuyeyuka huivua chaji yake ikapenya. Dawa isiyoyeyuka haina cha kupenyeza.

Mzee aliingiwa na hofu kwamba huenda vidonge vile vimemharibia damu pia. Nilimtuliza: damu ina bafa, yaani asidi dhaifu pamoja na mwenzi wake, bikaboneti, kwa uwiano wa takriban 1 kwa 20, na mapafu na figo huulinda uwiano huo, hivyo pH hubaki kati ya 7.35 na 7.45.

Tulikubaliana ameze kapsuli mara baada ya chakula cha mchana, na kidonge cha kiungulia kikae mbali nayo kwa angalau saa mbili, kabla au baada. Anayetumia omeprazoli hawezi kujiokoa kwa kupanga saa, maana dawa hiyo huzima utengenezaji wa asidi kwa zaidi ya siku nzima. Huyo namrudisha kwa daktari wake, abadilishiwe moja kati ya hizo mbili.