Goti moja likivimba, muulize daktari kuhusu vidole

Julai, Moshi nzima ikitoka na sweta, kila maumivu ya kiungo huitwa baridi. Jina la baridi yabisi, ugonjwa wa viungo, nalo limetuchanganya. Baridi inaweza kuzidisha maumivu, lakini ugonjwa huu hauletwi na hewa ya mlimani: ni kinga ya mwili inayogeuka na kushambulia utando wa ndani ya viungo. Hata Dar es Salaam kwenye joto upo.

Mama mmoja wa Marangu alikuja kliniki goti la kulia limevimba wiki ya tano. Hakuanguka, hana homa. Nilipomuuliza asubuhi zake zikoje, akasema siku hizi ng'ombe anamkamua saa mbili asubuhi. Alfajiri vidole havikunjiki. Nikaushika mkono wake kama wa kumsalimia, nikabana kidogo vifundo vya mwanzo wa vidole. Akaruka. Pete ya ndoa alishaivua tangu Pasaka, akidhani amenenepa.

Hizo ndizo dalili ninazotaka uzijue. Viungo vinavyokakamaa asubuhi kwa nusu saa, saa nzima au zaidi, kisha vinalegea kadiri unavyofanya kazi. Uvimbe unaopita wiki sita. Maumivu yanayohamia vidole, vifundo vya mikono na nyayo kwenye mwanzo wa vidole, mara nyingi pande zote mbili. Uchovu usioelezeka. Wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, na sigara huongeza hatari, kama ilivyo kuwa na mzazi au ndugu wa damu mwenye ugonjwa huo.

Hata hivyo, kiungo kimoja kikivimba, mara nyingi si baridi yabisi. Kikiwa cha moto na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa maana bakteria huweza kukiharibu kwa siku chache tu. Goti linalovimba polepole huku unakonda na kutoka jasho usiku linaweza kuwa na kifua kikuu. Kidole gumba cha mguu kinachowaka ghafla usiku, mara nyingi ni gauti, yaani fuwele za asidi ya yuriki kiungoni. Ndiyo maana tunavuta maji ya gotini na kuyapima, na kuchukua damu kutafuta kingamwili, yaani protini za kinga zinazougeukia mwili wenyewe, ambazo kwa wengine huonekana miaka kabla ya uvimbe, na kwa wengine hazionekani kabisa.

Kinachoniuma ni wanaofika wamekunywa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, ya duka la dawa kwa miezi. Uvimbe umefichwa, kiungo kinaendelea kuliwa. Dawa yenyewe ya baridi yabisi, methotreksati, humezwa mara moja tu kwa wiki, chini ya uangalizi wa daktari, na hufaa zaidi ikianza katika miezi ya mwanzo.

Vidole vikivimba alfajiri, vipige picha kwa simu. Zamu yako ya kumwona daktari ikifika saa sita mchana, uvimbe huenda umeshashuka.