Bodilaini siyo kila baunsa, na wala siyo mwili laini

Jamani hili neno bodilaini mnalitesa. Juzi nilikuwa kwa mjomba wangu, mtu mzima, kriketi anaifuatilia toka Kenya ilivyoingia nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, mrushaji karusha mpira mfupi, yaani unaodunda mbali na mpigaji ukainuka juu (ndo baunsa huo), ukapita sikioni mwa mpigaji, mjomba akainuka kwenye kochi, "Bodilaini hiyo!" Nikanyamaza, ni mjomba. Kesho yake kijana mmoja akanieleza kwa kujiamini kabisa kwamba maana yake ni mwili laini, yaani unamlenga mtu pale palipo laini, mbavuni na tumboni. Hapo ndo nikaona bora niandike.

Maana naipitia haraka. Bodilaini ni mbinu ambayo Douglas Jardine, nahodha wa Uingereza, aliitumia kule Australia msimu wa 1932-33: warushaji wenye kasi, hasa Harold Larwood na Bill Voce, wanaugongesha mpira mfupi uinuke kwenye mbavu na kichwa cha mpigaji, na upande wa mguu wa huyo mpigaji, yaani upande wa uwanja ulio nyuma ya miguu yake anaposimama kupiga, umejazwa wadakaji, watano, sita, wengi wako karibu kabisa wanausubiri mpira anaojikinga nao, na mmoja wawili wako mbali wanamsubiri akijifanya jasiri akaupiga. Ukikwepa kila mpira hupati mikimbio, yaani pointi, ukijikinga unadakwa na ukidakwa umetoka, ukipiga unadakwa, ukisimama unaumia. Na helmeti enzi hizo hakuna. Yote hayo kwa sababu ya mtu mmoja, Don Bradman, ambaye mwaka 1930 aliwapiga Waingereza mikimbio 974 kwenye Test (mechi kubwa za kimataifa) tano, kwao wenyewe.

Basi. Sasa tuje kwenye jina, maana ndo linaloniumiza kichwa.

Nusu ya mkanganyiko ni wa kwetu. Kwetu bodi ni ya lori, au ni ya wakurugenzi, na laini ni ya simu, au ni kitu kisicho kigumu, ukiviunganisha lazima upate kioja kama cha yule kijana. Kwa Kiingereza, bodyline, ni mwili na mstari tu, mpira uliorushwa kwenye mstari wa mwili. Neno lilizaliwa kwenye magazeti ya Australia, na hadithi inayopendwa zaidi inamtaja Hugh Buggy wa Herald ya Melbourne, alikuwa anatuma ripoti kwa telegramu, na telegramu unalipia kila neno, sasa "kwenye mstari wa mwili" ni maneno mengi, akayabana yakawa moja. Wengine wanasema hapana, wa kwanza ni Jack Worrall, mchezaji wa zamani wa Australia aliyekuja kuwa mwandishi. Mimi hapo sigombani na mtu, ninachotaka uone ni kwamba hili ni neno la upande mmoja. Waingereza wenyewe walikuwa wanaiita nadharia ya mguu, jina la zamani, la kistaarabu, hata Fred Root wa Worcestershire alikuwa akirusha hivyo kwa mwendo wa kati miaka ya 1920 na hakuna aliyeitiwa daktari. Kwa hiyo aliyesema nadharia ya mguu alikuwa anakuambia hamna jipya hapa, nenda kalale. Aliyesema bodilaini alikuwa ameshatoa hukumu.

Na hukumu ikafika mbali. Tarehe 18 Januari 1933 Bodi ya kriketi ya Australia (hii sasa ndo ile ya wakurugenzi) ikaiandikia MCC ya London, klabu iliyokuwa ikiendesha kriketi ya Uingereza, telegramu, neno bodilaini likiwa ndani kabisa, ikisema uchezaji ule si wa kiuanamichezo. MCC wakawaka, wakajibu kwamba wanaisikitikia telegramu yenyewe, na kama Australia wanataka mechi zilizobaki zifutwe, waseme. Kusema ukweli hakuna sheria hata moja iliyokuwa imevunjwa, na neno "si wa kiuanamichezo" kwa Mwingereza wa wakati ule lilikuwa kama umemtukania mama. Bodi ikarudi nyuma kwenye hilo neno. Kwenye bodilaini haikurudi mtu, mpaka leo.

Sasa vibonzo. Jardine alikuwa riziki ya mchora vibonzo: mrefu, mwembamba, pua ya kutosha, kitambaa cheupe cha hariri shingoni, na kichwani ile kofia ya rangirangi ya Harlequins wa Oxford ambayo mashabiki wa Australia walikuwa wakiiona tu wanapandwa na hasira. Unachora kofia na pua, umemaliza, kila mtu anajua ni nani na anajua amchukie. Kwenye boksi la waandishi alikuwepo hata Arthur Mailey, aliyewahi kuirushia Australia mipira ya kuzunguka kabla hajawa mwandishi na mchora vibonzo, huyo kidogo mchezo aliujua. Ila hebu fikiria wewe ndo unachora, una kisanduku kimoja tu gazetini. Utaweka nini? Utaweka mpira na kichwa. Wadakaji sita upande wa mguu hawaenei, na hata wakienea hawachekeshi wala hawakasirishi. Mimi naona hapo ndipo maana ilipopotea, watu wakabaki na picha ya mpira unaoelekea kichwani, na picha hiyo ndo imemfikia mjomba kwenye kochi.

Ushahidi ni mechi ya Adelaide, kule Australia, siku chache kabla ya ile telegramu. Tarehe 14 Januari mpira wa Larwood ulimpata nahodha wa Australia, Bill Woodfull, kifuani karibu na moyo, akayumba, uwanja mzima ukazomea, na Jardine akasema kwa sauti ya kusikika, "Safi sana, Harold." Siku mbili baadaye mlinda wiketi Bert Oldfield akapasuka fuvu. Muulize yeyote bodilaini ni nini, atakutajia hayo mawili. Lakini mara zote mbili wadakaji walikuwa wamepangwa kawaida! Haikuwa bodilaini. Oldfield mwenyewe alisema Larwood hana kosa, ni yeye aliukosea mpira. Jambo baya lenyewe lilikuja baada ya Woodfull kuumia, zamu iliyofuata ya Larwood kumrushia, mtu ndo kwanza anajishika kifua, Jardine akawahamisha wadakaji kwenda upande wa mguu. Hapo ndo bodilaini ilianza. Jioni hiyo Woodfull akamwambia meneja wa Waingereza, Pelham Warner, kwamba pale nje kuna timu mbili na moja tu ndo inajaribu kucheza kriketi.

Mnaona kwa nini nang'ang'ania wadakaji? Mpira mfupi anaweza kuurusha yeyote akijisikia, ila wadakaji huwapangi bila nahodha. Gubby Allen, mrushaji mwingine wa Uingereza, alikataa kurusha hivyo na akaendelea kucheza, Nawab wa Pataudi, mwana wa mfalme wa Kihindi aliyekuwa kwenye timu hiyo hiyo, alikataa kusimama kwenye ule mtego wa wadakaji na Jardine akamkejeli. Larwood, mtoto wa machimbo ya makaa ya mawe kule Nottinghamshire, alitii akachukua wiketi 33, yaani akawatoa wapigaji mara 33, Uingereza ikashinda 4-1, halafu akaambiwa yeye ndo aombe radhi, akakataa, hakuichezea tena Uingereza. Jardine akapewa timu ya kwenda India. Na haki yake nimpe, 1933 pale Old Trafford ya kriketi, siyo ya mpira wa miguu, West Indies walimrushia dawa yake mwenyewe, akina Constantine na Martindale, akasimama akapiga mikimbio 127 bila kulalamika.

Kwa hiyo mjomba, shikamoo tena, siku nyingine mpira ukipita sikioni hesabu kwanza waliosimama nyuma ya mpigaji upande wa mguu. Toka 1957 sheria hairuhusu wazidi wawili. Utahesabu wawili, au mmoja, na hiyo itakuwa ni baunsa tu, siyo yule wa mlangoni klabu.