Mifupa ya mabaharia wa Mary Rose

Nikitaja Mary Rose, swali la kwanza huwa lile lile: ilizamaje? Huwa nalijibu haraka. Tarehe 19 Julai 1545, kwenye mlango bahari wa Solent mbele ya Portsmouth, manowari hii ya Mfalme Henry VIII wa Uingereza ilikuwa ikipambana na Wafaransa. Ilipogeuka, upepo ukaikumba, ikalalia ubavu, maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga yaliyokuwa wazi. Chombo kilikuwa kimetumika miaka zaidi ya 30 na kimeongezewa mizinga mizito, hivyo mimi sioni fumbo kubwa hapo. Wavu uliotandazwa juu ya sitaha kumzuia adui asirukie ndani ukawanasa wenyewe. Kati ya watu wapatao 500, waliookoka hawakufika 40.

Kazi yangu ni mifupa. Ubavu wa kulia ulididimia kwenye tope laini lisilopitisha hewa, na vitu vilivyopaswa kuoza vikadumu zaidi ya miaka 400. Kabla masalia ya chombo hayajainuliwa, tarehe 11 Oktoba 1982, wapiga mbizi walikuwa wameshatoa mifupa ya watu wasiopungua 179. Wengi walikuwa vijana wa chini ya miaka 30.

Tazama bega. Ncha ya juu ya kombe la bega huwa kipande cha peke yake utotoni, kisha huungana na kombe mtu anapoingia utu uzima. Kwa watu hawa, ncha ambazo hazikuungana ni nyingi kupita kawaida. Maelezo ninayoyakubali ni upinde. Melini zilikutwa pinde ndefu zaidi ya 130 na maelfu ya mishale, na kuvuta upinde mmoja kulihitaji nguvu ya kilo 45 au zaidi. Aliyeanza kuvuta tangu mtoto, bega halikupata nafasi ya kutulia.

Seremala naye alikuwa na chumba chake, na zana zake zilikutwa humo pamoja na ubao wa kuchezea. Karibu na mlango palikuwa na mifupa ya mbwa mdogo dume, bila shaka aliwekwa kwa ajili ya panya. Vitana vya mbao vilipatikana zaidi ya 80, vingine chawa wakiwa bado wamo.

Mwaka 2021 ulitolewa uchunguzi wa meno ya mabaharia wanane. Watatu wanaonekana kukulia nchi za joto, pengine kusini mwa Ulaya, na mmoja mwenye asili ya Afrika alikulia Uingereza kwenyewe. Wapo waliowahi kudai kwamba chombo kilizama kwa sababu wageni hawakuelewa amri. Jino linaonyesha maji aliyokunywa mtu utotoni. Lugha aliyoijua alipofika miaka 25 halionyeshi, na baharia aliyehudumu miezi kadhaa melini hakosi kuelewa akiambiwa afunge dirisha la mzinga.