Huizi siyo ofisi

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeuza korosho zilizobanguliwa hapa Mtwara alikuja dukani kwangu, Chuno, simu mkononi. "Kaka, Huizi wamekosea. Wameandika jina la fundi aliyenitengenezea tovuti, mimi hawajaniandika kabisa."

Hiyo "wame-" ndiyo inayoniuma, na mwaka huu nimeshaisikia mara nyingi. Watu wanaamini kuna ofisi mahali fulani inaitwa Huizi, na wafanyakazi wake wanajaza daftari.

Huizi ni utaratibu wa kuiuliza seva, yaani kompyuta inayotunza taarifa, habari za domeni, yaani jina la tovuti: imesajiliwa kwa jina la nani, kupitia msajili gani (kampuni inayosajili majina hayo), lini, na inakwisha lini. Basi.

Neno lenyewe ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyobanwa pamoja, who is, yaani "ni nani?" Siyo kifupisho, kwa hiyo usihangaike kutafuta kila herufi inasimama badala ya nini. Utaratibu huo ulipoandikwa mwaka 1982, kule California, haukuhusu tovuti hata kidogo. Domeni za .com zilikuwa hazijazaliwa, zilianza 1985. Huizi ilikuwa ya kutafuta watu: unaandika jina la mtumiaji wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, unaletewa anwani yake, simu yake na barua pepe yake. Domeni zilikuja kurithi swali lililokwishakuwepo.

Swali, narudia. Tena swali lisilopangiwa jibu. Utaratibu ulieleza namna ya kupiga hodi tu: gonga mlango namba 43, andika mstari mmoja, ngoja. Sasa piga hodi nyumba kumi za Mikindani uulize mwenye nyumba ni nani. Huyu atasema "mimi", yule atakutajia jina, baba na babu, mwingine atakwambia kasafiri kaenda Newala. Seva nazo ndivyo zilivyo. Moja inaandika "mwenye", nyingine "msajiliwa", kila moja kwa mpangilio wake. Ukikuta domeni inakwisha 03/04, mtu wa Lindi anasoma tarehe 3 Aprili, Mmarekani anasoma Machi 4. Mwezi mzima hapo, na domeni ikipita muda wake inaweza kuchukuliwa na mwingine.

Ndiyo maana mwaka 2015 ulitolewa utaratibu mwingine, RDAP, unaopanga na jibu lenyewe: kila taarifa ina lebo yake maalumu, tarehe inaanza na mwaka, msajili na msajiliwa hawachanganywi. Tangu 28 Januari 2025 wasajili wa .com na jamaa zake hawalazimiki tena kuendesha Huizi, ila RDAP ni lazima. Domeni za nchi, kama .tz yetu, hazibanwi na agizo hilo. Na ukikuta jina la mtu limefunikwa, usidhani ni utapeli. Tangu sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilipoanza kutumika 2018, wasajili wengi hufunika taarifa za watu binafsi.

Lakini hata RDAP ingemjibu kijana wetu vilevile, kwa sababu fundi ndiye aliyejaza fomu, na akajaza jina lake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, hakuna aliyekosea kule ulikouliza. Sema, "Nimeuliza, nimejibiwa kwamba domeni imesajiliwa kwa jina la fundi." Kisha mpigie huyo fundi leo, amwombe msajili aihamishie kwako.